Mama Anayumba, Sisi Tunamsaka Mchawi

(Maelezo haya yalisomwa na mwandishi katika kipindi chake cha kila juma redioni.)



Juma hili nilikusudia kuzungumzia bei ya mbolea, na karatasi zangu zilikuwa tayari. Nimeziweka kando. Nitazungumza habari za mama yangu mzazi, na nawaomba radhi mapema wale wasiopenda mtangazaji alete mambo ya nyumbani kwake redioni. Mama mwenyewe nimemwomba ruhusa. Alisema, "Sema, mwanangu, lakini jina langu usilitaje, maana huku redio inasikika."

Mama ana umri wa miaka 72. Anaishi kijijini, upande wa Mpui, katika nyanda za juu za Ufipa, mkoani Rukwa. Asiyefika huko ajue kwamba ile ni nchi ya baridi. Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na ikifika Juni na Julai mtu wa Dar es Salaam aliyekwenda na shati la mikono mifupi hugonga meno mpaka watoto wakamcheka. Ni nchi ya mahindi, maharage na ulezi. Mama amelima huko maisha yake yote, amebeba kuni kichwani maisha yake yote, na mpaka miaka michache iliyopita ukitaka kutembea naye kwenda shambani ilikubidi ukimbie kidogo.

Mwaka 2022 akaanza kuyumba. Mwanzo ilikuwa jambo la kuchekea. Anatoka mlangoni, anashika mwimo. Anavuka kijito, anataka mkono wa mjukuu. Baadaye akaanza kuanguka. Novemba 2023 mdogo wangu wa kiume alinipigia simu usiku akasema, "Dada, mama ameanguka tena, safari hii bafuni, na amechanika juu ya jicho." Ilikuwa mara ya tatu katika miezi miwili.

Hapa inanipasa niseme jambo la kuniaibisha. Kabla ya simu ile, ndugu mmoja wa ukoo alikuwa ameninong'oneza kwamba mama siku hizi anakunywa. Kwetu pombe ya ulezi si kitu cha kutafuta kwa tochi; wakati wa mavuno kila nyumba ina chungu chake. Mtu anayeyumba njiani jioni, watu watasema nini? Nami niliyezoea kuwaambia viongozi wa nchi hii wafanye uchunguzi kabla ya kusema, nilichukua simu nikamhubiria mama yangu kwa dakika kumi juu ya ubaya wa pombe kwa mtu mzima mwenye kisukari. Alinyamaza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Haya." Neno moja tu. Mama yangu hakuwa ameonja pombe tangu mwaka 2009, alipoambiwa ana kisukari.

Basi, maelezo ya kijiji yalikuwa matatu. La kwanza pombe. La pili uzee. La tatu mnalijua wenyewe, hasa nikishataja Sumbawanga.

Nafahamu kwamba mji wetu una sifa. Wenyeji husema jina lenyewe maana yake ni "tupa uchawi", kwamba mgeni anayeingia aache mambo yake mpakani. Kila Mfipa aliyesoma bweni mikoa mingine amechoka kuulizwa kama anaweza kumtumia mtu radi. Tunacheka nao, tunaongeza chumvi, yanakwisha. Lakini kijijini si mzaha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilipita Ufipa harakati ya kusafisha uchawi iliyoitwa Kamcape, vijana wakienda kijiji kwa kijiji, watu wakichanjwa dawa na wengine wakitajwa mbele ya majirani zao kuwa ni wachawi. Sheria ya Uchawi ya nchi hii ni ya mwaka 1928, enzi ya Mwingereza, na kumtuhumu mtu uchawi ni kosa. Sheria ipo. Na kule Usukumani tumezika vikongwe waliokatwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, macho yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa jikoni.

Mdogo wangu si mtu mbaya. Ni mtu aliyekuwa akimwona mama yake anaanguka na hakuna anayemwambia kwa nini. Alikwenda kwa mganga. Mganga alichukua mbuzi wawili na shilingi laki moja na nusu, akatazama anavyotazama, akasema aliyemfunga mama miguu ni mwanamke, mjane, anaishi upande linakochwea jua, na ameshika chakula chake.

Upande linakochwea jua kuna nyumba moja tu. Anakaa mama mmoja mjane, mtu wa umri wa mama, rafiki yake wa miaka 40. Wamepalilia pamoja, wamezika waume pamoja, na kila juma walikuwa wakipelekeana bakuli la maharage. Ndiyo hiyo habari ya "kushika chakula". Kuanzia wiki ile watoto wa kwetu wakakatazwa kumwamkia. Usiku mmoja mawe yakarushwa juu ya bati la nyumba yake. Nani aliyarusha? Mdogo wangu anaapa si yeye, nami namwamini. Lakini maneno aliyatoa yeye, na maneno yakishatoka hayaulizi ruhusa.

Usidhani kwamba hatukwenda hospitali. Tulikwenda. Sitataja ni wapi, maana sikuja hapa kushitaki mtu. Mahali pa kwanza waliambiwa ni shinikizo la damu, akapewa vidonge. Mahali pa pili waliambiwa ni masikio, akapewa vidonge. Mahali pa tatu waliona damu yake ni kidogo, akapewa vile vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma na asidi ya foliki, na uso wake ukanawiri kweli, tukashangilia. Miguu ikazidi kuwa mibaya. Mahali pa nne kijana mmoja alimtazama toka mbali, akasema, "Bibi, huu ni uzee." Nadhani neno hilo limeua wazee wengi kuliko ugonjwa wowote, kwa kuwa baada ya kutamkwa hakuna anayeuliza tena.

Katika mahali pote hapo panne, hakuna hata pamoja mama alipoambiwa avue viatu.

Desemba nikaomba likizo, nikapanda basi. Ni zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, na wale mnaokumbuka barabara ya Tunduma kwenda Sumbawanga kabla ya lami mtaelewa nikisema kwamba siku hizi ni safari, zamani ilikuwa adhabu. Nilifika kijijini mvua inanyesha, na nikaamua kufanya kile nilichofundishwa nilipokuwa nasomea stashahada yangu ya uandishi wa habari. Mwalimu wetu alikuwa akigonga meza: nani, nini, lini, wapi, vipi, kwa nini. Usirukie "kwa nini" kabla hujajibu hayo mengine. Sisi nyumbani tulikuwa tumeruka yote matano tukatua kwenye "kwa nini", tena na jina la jirani mkononi.

Nilikaa na mama siku nne na daftari. Nilimfuata kama mtoto.

Nikaona kwamba mchana, uani, anatembea si vibaya, ila anatembea akitazama miguu yake, kama mtu anayevuka daraja la mti. Anatupa mguu na kuukita chini kwa kishindo. Nikimsemesha akainua uso kunijibu, anapepesuka. Jua likizama mambo yanabadilika. Gizani hawezi kwenda hatua tano bila kupapasa ukuta. Nikaandika: anaanguka usiku. Wapi? Mara ya kwanza alianguka chooni usiku. Mara ya pili alikuwa anavaa gauni, limefika usoni. Mara ya tatu, ile ya kuchanika, alikuwa amesimama bafuni ananawa uso kwa sabuni.

Halafu akaniambia jambo ambalo hakumwambia mtu. Alikuwa ameacha kwenda kigangoni. Watu walisema ni kwa sababu ya pombe, anaona haya. Sababu ilikuwa nyingine: akisimama kusali na kufumba macho, alikuwa anayumba kama mti, na siku moja alimwangukia mwenzake. Wakasema pepo. Akaona bora asali kitandani.

Giza, gauni usoni, sabuni machoni, sala. Nilisoma orodha ile mara tatu kwa mwanga wa kandili kabla ya kuona kwamba yote ni kitu kimoja. Mama yangu alikuwa anaanguka kila alipoacha kuona.

Siku ya tatu tulikuwa tunarudi toka kwa shangazi, njia ina tope. Mama alifika nyumbani na kandambili moja. Nyingine ilibaki njiani, katika tope, mita mia mbili nyuma. Nikamwuliza, "Mama, hukujua kwamba imevuka?" Akanitazama kwa subira ile ya mtu aliyekwisha kusema neno mara nyingi. Akasema, "Si niliwaambia? Miguu siisikii."

Ndugu msikilizaji, hilo neno alikuwa ameniambia kwenye simu labda mara ishirini. Miguu siisikii. Nami nililichukua kama wazee wanavyosema, miguu imekataa, miguu haina nguvu, mambo ya umri. Kumbe alikuwa anasema Kiswahili kilichonyooka. Haisikii ardhi. Akikanyaga jiwe au akikanyaga mkeka kwake ni sawa. Alitupa utambuzi wa ugonjwa wake kwa maneno mawili, na sisi wasomi tukaufanya msemo.

Mengine yalikuja upesi baada ya hapo. Vidole vya mikono vina ganzi, akichambua maharage mawe yanapita. Ulimi unamwaka, umekuwa laini na mwekundu, pilipili ameacha. Dawa zake alizitunza katika ule mfuko wa nailoni uliopigwa marufuku mwaka 2019, na humo nilikuta kila alichowahi kupewa. Kilichokuwepo toka mwanzo, toka mwaka 2009 bila kukatika, ni vidonge vya kisukari viitwavyo metformini. Nikaandika na hilo, bila kujua maana yake.

Tulikwenda mjini Sumbawanga. Safari hii nilimpa daktari daftari kabla ya kumpa mgonjwa. Alikuwa mwanamke kijana, na kwanza nilidhani ataudhika. Alilisoma lote. Kisha akasema, "Mama, naomba uvue viatu na soksi."

Alimsimamisha wima, miguu pamoja, mikono ubavuni, yeye akajiweka karibu kumdaka. Macho wazi: mama amesimama. "Sasa fumba." Mama aliinama kama nyumba inayotitia, daktari akamshika. Kipimo hicho hakihitaji umeme wala shilingi. Alikieleza daktari wa Berlin, Romberg, katika miaka ya 1840, na mpaka leo kinaitwa kwa jina lake. Kisha alitoa kile chuma chenye meno mawili kama uma, akakigonga kikalia, akakisimika juu ya kifundo cha mguu. "Unasikia kinatetemeka?" Hapana. Akapanda juu kidogo kidogo. Mama alikisikia gotini. Mwisho akamshika kidole gumba cha mguu, mama akiwa amefumba macho, akakipeleka juu, akakipeleka chini, akiuliza ni wapi. Mama alibahatisha. Mara alipatia, mara alikosa.

Daktari alinifafanulia hivi. Mtu husimama kwa msaada wa mashahidi watatu. Macho yanaiambia akili uko wapi. Sikio la ndani linaiambia kichwa kimelala upande gani. Na nyayo, vifundo na magoti hupeleka habari ya ardhi kupitia mishipa ya fahamu inayopanda nyuma ya uti wa mgongo. Mashahidi wawili wakiwa wazima, wa tatu akinyamaza, mtu anaweza kwenda. Mama alipoteza shahidi wa miguu, akabaki anaegemea macho. Ukizima taa umemwondolea wa pili, na sikio peke yake haliwezi kumsimamisha mzee wa miaka 72 bafuni penye utelezi.

Na ni nani aliyemnyamazisha shahidi wa miguu? Daktari alisema yapo mengi, na mengine aliyapitia haraka mbele yetu. Kisukari chenyewe huharibu mishipa ya miguu. Mifupa ya shingo ya mtu aliyebeba mizigo kichwani miaka 60 inaweza kubana uti wa mgongo. Alimpima shinikizo la damu amelala na tena amesimama, kwa kuwa vidonge vya shinikizo humwangusha mzee anapoinuka ghafla. Aliuliza kama aliwahi kupigwa kichwa na kama kuanguka kulianza baadaye, maana damu inaweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu la mzee ikaonyesha dalili baada ya majuma. Aliuliza kama aliwahi kutibiwa kifua kikuu kwa sindano za streptomaisini, ambazo zinaweza kuua sikio la ndani. Akauliza hata jambo ambalo watu wa Ufipa inatupasa tuulizwe kila mwaka: kama analala na jiko la mkaa chumbani wakati wa baridi. Mama akasema jiko hulitoa nje. Nilimtazama, naye akatazama pembeni, kwa hiyo hilo nalo nimelishughulikia.

Lakini ulimi ule, na damu iliyokuwa kidogo, na vidonge vya miaka 14, vilimpeleka daktari mahali pengine. Alishuku kwamba mama amepungukiwa vitamini B12.

Naomba nieleze kidogo hapa, maana nimejifunza ukubwani. Vitamini hiyo mwili huitumia kutengeneza damu na kutunza ganda la mishipa ya fahamu. Haimo katika ugali, wala maharage, wala majani ya maboga. Imo katika nyama, ini, samaki, dagaa, mayai na maziwa. Ini la mtu huweka akiba ya miaka kadhaa, na ndiyo maana upungufu huja polepole, bila tarehe, kama mchwa. Zamani waliopatwa nao sana walikufa. Mwaka 1926 madaktari wawili wa Boston, Minot na Murphy, walionyesha kwamba wagonjwa wa aina moja ya upungufu wa damu waliolishwa ini kwa wingi kila siku walipona, wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 1934 pamoja na mwenzao Whipple. Chenyewe kilichomo katika ini kilipatikana mwaka 1948, nacho ndicho B12.

Sasa mama alikuwa na njia mbili zilizozibwa. Alikwisha kuacha samaki, yeye aliyezaliwa kati ya maziwa mawili, Rukwa huku na Tanganyika kule, ambapo dagaa wa Kasanga wanafika hadi sokoni Sumbawanga. Aliacha kwa sababu meno yamekwisha, na kwa sababu aliambiwa asile chumvi, naye dagaa anawajua wenye chumvi tu. Nyama ilikuwa ya Krismasi. Na hicho kidogo alichokula, metformini ilikuwa inazuia kisinyonywe vizuri tumboni. Jambo hili si geni. Madaktari wa Belfast waliliandika mwaka 1971. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwakumbusha waganga kwamba ni jambo la kawaida, hasa kwa anayetumia dozi kubwa kwa miaka mingi, na kwamba mwenye dalili apimwe.

Hata vile vidonge vya damu tulivyovishangilia vilikuwa na hila yake. Asidi ya foliki inaweza kurekebisha damu ya mtu aliyepungukiwa B12, uso ukanawiri, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika kimyakimya. Mlango wa mbele umepakwa rangi, nyuma nyumba inaungua.

Nasisitiza, na daktari alinisihi nisisitize: metformini ni dawa nzuri, ya bei nafuu, na imewaokoa wengi. Mtu asiende akaitupa usiku huu kwa sababu alinisikia mimi. Mama bado anaitumia. Ulizia kipimo, usiache dawa.

Damu ilichukuliwa, ikapelekwa Dar es Salaam, maana kipimo hicho hakikupatikana karibu. Daktari hakungoja majibu. Sindano ya kwanza ilichomwa siku ileile baada ya damu kuchukuliwa. Dawa yenyewe ni nyekundu, nyekundu kama juisi ya rozela, na mama alipoiona alitabasamu akasema hii angalau inafanana na dawa. Majibu yalikuja baada ya siku 11: chini ya nusu ya kiwango cha chini kabisa.

Sindano zote alizochomwa mwezi wa kwanza, nikijumlisha na kipimo, zilitugharimu chini ya alichochukua mganga, hata bila kuhesabu mbuzi.

Ulimi ulipona ndani ya majuma mawili. Miguu ilianza kwa kuwaka moto, akalia usiku, nasi tukaogopa, kumbe mishipa ilikuwa inaamka. Mwezi Machi 2024 alinipigia simu mwenyewe, jambo asilolifanya kwa kuogopa kumaliza salio, akasema, "Leo nimekanyaga unga jikoni nikajua ni unga." Sitawadanganya kwamba amepona. Mishipa iliyokaa na njaa miaka hairudi yote. Anatembea na fimbo, gizani bado anahitaji tochi na mkono wa mtu, na bafuni mdogo wangu amemwekea kigoda na mti wa kushikia. Hajaanguka tangu Januari. Kigangoni amerudi, anasali amefumbua macho.

Amebaki yule jirani.

Majibu yalipotoka nilimweka mdogo wangu chini nikamweleza yote, mashahidi watatu na vidonge na ini. Alisikiliza. Akauliza, "Kwa hiyo mbuzi wangu?" Nikamwambia mbuzi wako ndiyo ada ya shule. Kisha akainamisha kichwa, akasema atakwenda kuomba msamaha kesho yake. Mama akasema, "Tutakwenda wote." Aliandaa unga wa ulezi kwenye beseni jipya, akalifunika kwa kitenge, akatembea na fimbo yake mpaka upande linakochwea jua, sisi nyuma yake.

Mlango ulikuwa na kufuli. Mtoto wa nyumba ya pili ndiye aliyetuambia. Bibi alikuwa ameondoka siku tatu kabla, mwanawe alikuja na pikipiki akamchukua, wamekwenda Vwawa. Kuku wake ameuza. Mawe yalikuwa bado juu ya bati.

Mama alikaa kibarazani pale kwa muda mrefu, beseni mapajani. Hakumsema mdogo wangu hata neno. Nadhani angemsema ingekuwa nafuu kwake.

Tulipata namba ya simu ya yule mwana mwezi wa Aprili. Alijibu kwa adabu, akasema mama yake ni mzima, na kwamba hataki kuzungumza na mtu wa kijiji kile. Tumepiga tena mara mbili. Mara ya pili ilisikika sauti ya mwanamke ikiuliza nyuma, "Nani huyo? Ni yeye?" Simu ikakatika, sijui kwa mtandao au kwa mkono.

Sasa ni Juni, maharage yamevunwa. Mama amemwuliza daktari kama anaweza kusafiri kwa basi mpaka Vwawa, na daktari amesema anaweza, mradi wasafiri mchana na asiachwe peke yake. Mdogo wangu amekata tiketi mbili. Furushi la maharage limefungwa tangu Jumapili, liko nyuma ya mlango.

Kuhusu mbolea, nitarudi nalo juma lijalo. Kwa herini.